Mashine ya bisi, na kijana aliyeniambia nirudi na chumvi

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba mashine hii ya kutengeneza bisi kwa hewa moto inafaa kutagia kuku tu. Sasa sina hakika tena, ingawa hasira yangu kwa duka lililoniuzia ingali mbichi.

Tangu daktari anitajie presha, naipima chumvi kama dawa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, nazo bisi tunazouziwa stendi hukausha midomo kabla matatu haijafika Njoro. Nikaona nijitengenezee nyumbani, bila chumvi wala mafuta.

Jioni ya kwanza punje zilizunguka ndani ya mashine kama changarawe kwenye debe. Chache zikapasuka, nyingi zikatoka zilivyoingia, zimebadilika rangi tu. Mjukuu wangu alitafuna moja, akaitema kiganjani na kunionyesha: punje nzima, inang'aa kwa mate, haina hata ufa. Nilijaribu mara ya pili na ya tatu, huku tokeni za umeme zikiyeyuka.

Nikaibeba mashine hadi dukani, katikati ya jiji la Nakuru, pamoja na risiti na kifuko cha zile punje sugu. Kijana wa kaunta hakuinua macho kutoka kwenye simu yake mpaka nilipotamka kwamba bisi zangu hazitiwi chumvi. Hapo alicheka, akawaita wenzake waje wasikie. "Mzee, chumvi ndiyo hupasua popkoni. Rudi na chumvi, halafu tuongee." Foleni nzima ikacheka. Mimi, niliyefundisha sayansi shule ya msingi hadi nikastaafu, nilianza kumweleza kwamba kinachopasua bisi ni maji: punje nzuri ina unyevu wa takriban asilimia 14, na joto likikaribia nyuzi 180 za Selsiasi unyevu huo hugeuka mvuke na kulisukuma ganda hadi lipasuke. Sikufika kwenye ganda. Alikuwa amekwisha kunipa kisogo, anamwonyesha mama mmoja pasi.

Nilikuwa njiani kurudi Section 58, bado nabishana naye kichwani, nilipojisikia nikilitamka neno "unyevu", nikanyamaza. Punje zangu nilipimiwa kwa gorogoro kutoka gunia lililoachwa wazi juani, nami nikaziweka kwenye beseni lisilo na kifuniko juu ya friji, mahali penye joto usiku na mchana. Zilikuwa zimekauka mno.

Nilizitia katika chupa ya jemu, nikaongeza kijiko cha maji, nikaifunga, na kwa siku tatu hivi nikawa naitikisa kila nilipopita jikoni. Safari hii zilipasuka kwa fujo hadi nyingine zikarukia sakafuni, na zilizogoma hazikufika kumi.

Kwa hiyo mashine haina hatia, lakini nisiisifu kupita kiasi. Bisi zake ni kavu kama pamba: pilipili ya unga hushuka yote chini ya bakuli, na ukizikamulia ndimu hunywea papo hapo. Sufuria yenye kifuniko na kijiko kimoja cha mafuta, ambayo mke wangu alinishauri tangu mwanzo, hushika viungo vizuri zaidi, na kwa mtu aliyekatazwa chumvi viungo ndivyo vinavyobaki. Nyota moja niliyokusudia kuitoa imekuwa tatu. Nikimkumbuka yule kijana, zinarudi mbili.

Juzi nilipita pale dukani nikiwa na kifuko cha bisi nyeupe, kubwa, zisizo na chembe ya chumvi, ili nimwekee kwenye kaunta. Sikumkuta. Nilizila mwenyewe, nikisubiri matatu ijae.