Juisi ya boksi, krispi na biskuti za krimu: kipi kiingie begi la shule?

Juisi ya boksi ya mililita 200 ndiyo inayowapita wazazi wengi, kwa sababu mbele imechorwa tunda. Igeuze usome nyuma. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukikuta maji, kisha sukari, na juisi ikiwa ya tatu, hayo ni maji ya sukari yenye harufu ya tunda. Sasa piga hesabu: gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100 ni gramu 22 kwa boksi zima, yaani vijiko vya chai vitano na nusu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5, ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, asilimia 5 ni gramu 20. Boksi moja limeshamaliza.

Maneno "haina sukari ya kuongezwa" yasikuzuge: sukari ya juisi halisi nayo huhesabiwa humo humo. Mrija unazidisha balaa. Mtoto hufyonza kidogo kidogo, na kila funda huwapa bakteria wa mdomoni cha kutengenezea asidi, kwa hiyo meno hayapumui. Alama: 2 kati ya 10.

Krispi zina ujanja wa vipimo. Jedwali la virutubisho nyuma ya pakiti likisema "kwa gramu 30" na pakiti ni gramu 60, zidisha kila namba mara mbili. Palipoandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Pakiti ndogo mara moja moja haina neno, ila isishike nafasi ya chakula.

Biskuti za krimu? Krimu yenyewe ni sukari na mafuta tu. Ziache rafuni.

Tunda zima linazishinda zote, likifungashwa vizuri. Tufaha lililokatwa huwa kahawia likipigwa na hewa, na mtoto hulirudisha nyumbani halijaguswa; vipake vipande ndimu, au virudishe vilivyokuwa na uvibane kwa mpira. Ndizi iwe kwenye kopo gumu, si chini ya vitabu. Kinywaji kiwe maji, kwenye chupa ya mdomo mpana inayosugulika hadi chini. Za mrija huota ukungu ndani ya mrija, mahali ambapo brashi ya kawaida haifiki.