Glock 17 yangu na vipuri vya dola 254

Niseme mapema nisikuchoshe: kati ya vipuri vitano nilivyoingiza kwenye bastola yangu ya mashindano, Glock 17, kilichobaki mle ndani ni kimoja tu, tena cha dola 20. Vinne vilivyobaki viko ndani ya kopo la Blue Band kwenye rafu ya gereji hapa Houston, pamoja na skrubu ambazo hata sikumbuki zilitoka wapi.

Mimi nimekulia Tanga, na bunduki nilikuwa naziona mabegani mwa walinzi wa benki tu. Huku Texas, mwenzangu kazini alinichukua Jumamosi moja tukaenda uwanja wa shabaha, nikanogewa, na huu ni mwaka wa nne nacheza IDPA. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa bastola unaohesabiwa kwa muda: taima inalia, unachomoa bastola kwenye ala, unapiga shabaha za karatasi na za chuma kwa utaratibu uliopangwa, halafu kwa kila pointi uliyopoteza kwenye karatasi unaongezewa sekunde 1. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Kwa hiyo anayekimbia huku anakosa hana faida, na anayelenga kama anatunga sindano naye hana faida.

Bastola yenyewe ni Gen3, yaani toleo la tatu, nilinunua mtumba, haina tatizo lolote. Ndiyo kwanza nikaanza kuitafutia matatizo. Mnawajua vijana wa Subaru, gari linabadilishwa ekzosi wakati tairi zimekwisha? Basi nilikuwa mmoja wao. Kila niliyemwona ananishinda nilimwangalia kwanza kilichomo ndani ya bastola yake.

Nilianza na konekta. Ukivuta triga ya Glock unafanya kazi mbili kwa mpigo: unamalizia kuirudisha nyuma pini inayogonga fataki (kile kidonge cha kuwashia kilicho kitakoni mwa risasi), kwa kuwa inakaa imevutwa nusu tu, kisha unaiachia iende mbele. Kinachoiachia ni kibati kidogo kilichokunjwa, hakifiki ukubwa wa kidole gumba. Mkono wa chuma unaotoka kwenye triga unateleza juu ya mkunjo wake, unashuka, na pini inachopoka. Hicho kibati ndicho konekta. Badilisha pembe ya mkunjo, na uzito wa triga unabadilika. Niliyoinunua ina alama ya kutoa imechongwa juu yake, na ni ya Glock wenyewe, ile ile inayokuja kiwandani kwenye Glock 34, ndugu yake mrefu wa mashindano. Yaani kipuri pekee kilichobaki kwenye bastola yangu si hata cha kampuni nyingine. Cheka tu, nami nilicheka baadaye.

Kabla ya kuiweka nilipima triga kwa mzani mdogo wa ndoano, mara kumi: wastani ratili 5 na robo tatu, kama kilo 2.6. Baada ya konekta, na baada ya kusugua ule mkono wa chuma kwa pamba na Brasso (Brasso ile ile tuliyong'arishia bizimu za mikanda ya skauti), mzani ukasoma 4 na robo tatu. Ratili nzima imeondoka kwa dola 20 na jioni moja. Nilisugua pale panapoteleza tu. Zile pembe zinazoishikilia pini isichomoke bastola ikianguka sikuzigusa, hizo ni za fundi bunduki mwenye leseni yake.

Kidole kiliisikia tofauti hiyo papo hapo. Taima je? Tuna kipimo cha kudumu kwenye IDPA kinachoitwa 5x5: risasi 25, yadi 10, mikondo minne, mmoja wake unapiga kwa mkono mmoja. Nilikirudia mara tatu kila nilipobadilisha kitu, nikachukua wastani. Bastola ikiwa kama ilivyotoka kiwandani: sekunde 33.12. Na konekta: 32.40. Si haba, na sehemu kubwa ya nafuu ilitoka kwenye mkondo wa mkono mmoja, ambako triga nzito ilikuwa inauvuta mtutu kwenda chini kushoto.

Ningeishia hapo, stori ingekuwa fupi na kadi ya benki ingekuwa na afya.

Kilichofuata ni fimbo ya tungsten, dola 75, na springi ya ratili 13 ya slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele kila risasi ikilia), dola 12 kwa pakiti. Fimbo inayopita katikati ya springi chini ya mtutu, kwenye Gen3 ni ya plastiki. Ukiweka ya tungsten unaongeza uzito mbele, na pua ya bastola hairuki sana. Kwenye mzani wa jikoni iliongeza gramu 50 na ushee. Springi ya kiwandani ni ya ratili 17. Hoja ya kuilegeza ni kwamba slaidi ikirudi mbele kwa nguvu inaichovya pua chini, na ikirudi taratibu vilengeo vinabaki mahali pake.

Hoja ni ya kweli, ila ina masharti ambayo muuzaji hakuyaandika kwenye pakiti. Springi laini zimepangwa kwa watu wanaojiundia risasi wenyewe, risasi laini zinazopita kwa kuchungulia kizingiti cha nguvu kinachodaiwa na mchezo. Kizingiti chenyewe ni hesabu: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo sana cha uzito), mara mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, isipungue 125. Kichwa cha greni 147 kikienda futi 880 kinapata 129, kinapita, na teke lake ni la mtoto. Mimi nanunua risasi za dukani, za bei ya chini, greni 124 zinazokaribia futi 1,100, yaani 136. Kwa risasi hizo springi ya 13 inaiachia slaidi irudi nyuma kama mlango uliopigwa na kusi. Niliusikia mgongano mkononi. Pua ilitulia kidogo, kweli, lakini mkono wote sasa ulikuwa unatikisika kwa namna nyingine.

Halafu likaja jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Mzee mmoja pale uwanjani, mstaafu, mtu wa maneno machache, aliniambia niimwage bastola, nikague chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) mara mbili, nielekeze mtutu kwenye tuta la mchanga, kisha nivute triga polepole huku natazama nyuma ya slaidi. Nikavuta. Slaidi ikasogea nyuma yenyewe, kidogo tu, upana wa ukucha, kabla pini haijaachiwa.

Sababu ni hii. Kwenye Glock, springi ya pini na springi ya slaidi zinavutana. Unapovuta triga unaibana springi ya pini, nayo inaisukuma slaidi nyuma. Springi ya slaidi ikiwa ya ratili 17 haishtuki. Ikiwa ya 13 inaanza kuachia. Kwa maneno mengine nilikuwa navuta triga huku mlango wa chemba unaanza kufunguka.

Mtu mwenye akili angerudisha springi ya kiwandani siku hiyo hiyo. Mimi nikaagiza springi laini ya pini, ratili 4 badala ya 5 na nusu, dola 7, ili zile mbili zipatane tena. Na kwa kuwa nilikuwa nalipia usafirishaji hata hivyo, nikaongeza seti nzima ya triga, ya aluminiamu nyekundu, dola 140. Kampuni siitaji. Seti ilikuja kwenye boksi zuri kuliko boksi la simu yangu.

Nikiri: ile triga ilikuwa tamu. Mwendo mfupi, ukuta (pale triga inapokaza kabla ya kuachia) unaujua ulipo, na mzani ulisoma ratili 3 na robo. Jamaa niliowapa waivute bastola ikiwa tupu wote walitikisa kichwa kwa heshima. Kwa wiki mbili nilikuwa mtu wa kuheshimika. Kipimo cha 5x5 kikasema 31.95. Hesabu mwenyewe: dola 234 zaidi, chini ya nusu sekunde.

Mashindano ya klabu yalikuwa Jumapili. Raundi ya pili, nyuma ya pipa, karatasi tatu na chuma kimoja cha kuangusha. Karatasi ya kwanza mbili safi. Ya pili, moja, halafu: kach. Hakuna kinachoudhi kwenye mchezo huu kama ule mlio mdogo pale ulipotegemea mshindo. Nikagonga kitako cha magazini, lile kasha la risasi, nikavuta slaidi, nikaendelea, mikono imeshapoteza mdundo wake, chuma nikakikosa mara mbili. Raundi ya nne tena: kach. Ya tano, kach. Nilizikusanya zile risasi tatu baadaye. Kila moja ilikuwa na kidoa katikati ya fataki, kikovu kidogo cha juu juu kama mtu kabonyeza kwa ncha ya kalamu. Nikazilinganisha na ganda lililolia vizuri: shimo la maana, la duara, lina kina.

Fataki hazilingani ugumu. Wanaojiundia risasi hutafuta za kampuni ya Federal kwa sababu ni laini na springi nyepesi inaziwasha. Zile za boksi langu la bei ya chini zilikuwa ngumu, na springi yangu mpya haikuwa na ngumi ya kutosha. Nimalizie na skrubu ndogo ya ile seti nyekundu, inayozuia triga isipitilize: ilikuwa imeanza kujifungua kwa mtikisiko. Robo mzunguko zaidi upande mbaya na bastola isingelia kabisa. Nilimwandikia muuzaji, akajibu kwa adabu kwamba niweke gundi ya skrubu. Dola 140, gundi nijitafutie.

Siku ile nilishika nafasi ya nne kutoka mwisho. Mzee hakusema kitu, alinipa tu kikombe baridi cha chai ya barafu, wenyewe wanakunywa hivyo hivyo bila maziwa.

Usiku nikatoa kila kitu. Springi za kiwandani zikarudi zote mbili, fimbo ya plastiki ikarudi, triga nyeusi ya plastiki ikarudi. Konekta nikaiacha. Tangu hapo nimepiga risasi zaidi ya 2,000 za kila aina ya bei ya chini na sijasikia kach hata moja.

Halafu nikafanya kitu cha bure. Kila usiku kabla ya kulala, dakika 10, bastola tupu, risasi zote ziko chumba kingine mlango umefungwa, navuta triga nikitazama kilengeo cha mbele kisitikisike. Mke wangu alizoea ule mlio, sasa anasema ukikosekana hapati usingizi. Wiki sita baadaye nikarudi kwenye 5x5 kwa bastola yenye kipuri cha dola 20: 28.60. Sikuamini, nikarudia siku nyingine, 28.85.

Hivyo ukiniuliza kama vipuri vya ndani vinaboresha bastola ya mashindano, jibu langu ni ndiyo kwa triga, kwa kiasi, na hasa kwa anayepiga kwa mkono mmoja au mwenye kidole kifupi. Springi laini ni za mtu anayezijua risasi zake, anayeziunda mwenyewe na kuzipima mwendo. Fimbo ya tungsten sikuisikia kwenye matokeo hata kidogo, ingawa kuna watu hapa uwanjani wanaiapia, na wananishinda, kwa hiyo wasikilize na wao. Mtutu sijagusa, kwa sababu ninapoegemeza bastola kwenye mfuko wa mchanga inapiga vizuri kuliko mimi mara mbili.

Angalia pia kanuni za daraja lako kabla hujafungua pochi. Kuna mashindano ya GSSF, ya wenye Glock peke yao, yapo tangu 1991, na kwenye madaraja yao ya bastola za kawaida wanataka vya ndani viwe vya Glock. Konekta yangu inapita. Ile nyekundu ingenipeleka daraja la walioboresha, kukutana na watu wanaolala na taima kitandani.

Jamaa yangu mmoja anayecheza IDPA Kirigiti, kule Kiambu, aliposikia ninauza vipuri akaniomba nimbebee kwenye sanduku nikienda likizo. Hapana, ndugu yangu. Vipuri vya bunduki si viatu: Marekani ina sheria zake za kuvitoa nje, na Kenya nayo ina zake za kuviingiza. Apitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni, hata kama ni springi ya dola 7.

Konekta naipa nyota tano, springi laini mbili, seti nyekundu mbili na nusu kwa ajili ya boksi lake. Fimbo ya tungsten inauzwa, dola 40, haina mchubuko, na aliye hapa Houston nitamwongezea na kopo.