TAHADHARI: Muuzaji wa fonti za brashi mwenye leseni za uongo, Nairobi

Ndugu zangu mnaotengeneza mabango, fulana na michoro ya matatu, kuna mtu anayezunguka katika maduka ya uchapishaji ya River Road na Kirinyaga Road, na pia katika makundi ya WhatsApp, akiuza fonti (seti za herufi za kompyuta) za maandishi ya brashi anazodai kuwa amezichora kwa mkono wake mwenyewe. Hutumia jina tofauti kila mahali, hupokea shilingi 1,500 kwa M-Pesa, kisha hutuma faili pamoja na "cheti cha leseni ya biashara" chenye muhuri mwekundu.

Nimekagua faili mbili alizowauzia wenzangu. Ya kwanza ilikuwa imebadilishwa jina la nje tu, kwani tulipofungua maelezo yake ya ndani kwenye kompyuta tulikuta bado inaitwa Knewave, fonti ambayo mtu yeyote huipakua bure kutoka Google Fonts, hazina ya fonti za bure mtandaoni. Leseni yake, SIL Open Font License, inakuruhusu kuitumia hata katika kazi ya kulipwa, ila inakataza kuiuza fonti yenyewe peke yake. Mwenzetu alilipia kitu ambacho tayari kilikuwa haki yake.

Ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Hiyo ni fonti yenye mikwaruzo ya brashi kavu ambayo aliyeitengeneza ameiruhusu kwa matumizi binafsi tu, na maneno hayo yamo ndani ya faili. Ukiitumia kwenye nembo ya hoteli au kwenye fulana za kuuzwa, mwenye haki anaweza kumwandama mteja wako pamoja nawe, na muuzaji atakuwa amekwisha kuzima simu.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji yeyote akuandikie neno MATATU kwa herufi kubwa. Fonti ya brashi iliyotengenezwa kwa uangalifu mara nyingi huwa na maumbo kadhaa ya herufi moja yanayopokezana. Katika faili hiyo ya pili A zote mbili zilikuwa na mkwaruzo uleule mahali palepale, jambo ambalo kwenye ubavu wa gari huonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara. Mwambie pia aandike Ng'ang'a, kwa sababu hapo kilitokea kisanduku kitupu badala ya alama ya ng'. Kingo za herufi zake nazo zilikuwa na vituo (nukta zinazochora umbo la herufi) vingi kupita kiasi, hata mashine ya kukata stika ikawa inasitasita na kuchana vinyl, yaani plastiki ya stika.

Mliokwisha kuuziwa, badilisheni fonti kabla kazi haijachapishwa. Msifute mazungumzo, hifadhini ujumbe wa M-Pesa, cheti na faili lenyewe bila kulibadilisha jina, mkaandikishe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu nanyi.