Nimeunganisha Cosmopolitan na Moscow Mule, imetoka hivi

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Leo mezani nina kokteli mbili ambazo baa yoyote inayojua kazi yake inazo, Cosmopolitan huku, Moscow Mule huku, zote mama yao ni vodka, na nimekaa wiki nzima nahangaika nizifanye kinywaji kimoja ambacho ukinywa unazisikia zote mbili. Nimekipata. Ila kilinisumbua, na nitawaambia kilinisumbua wapi ili usije ukamwaga vodka yako bure.

Kwanza tuwajue wenyewe. Cosmo hii tunayoijua leo ni kazi ya Toby Cecchini, batenda wa New York, mwaka 1988 pale mgahawa wa Odeon. Mule ni mkubwa wake, ana jina la Moscow lakini ni Mmarekani kabisa, wa mwaka 1941, na hadithi inayosimuliwa sana ni ya John Martin aliyekuwa na vodka ya Smirnoff haimtoki, na Jack Morgan mwenye baa Los Angeles aliyekuwa na jinja bia yake, yaani soda kali ya tangawizi, nayo haimtoki, wakakutanisha mizigo yao kwenye kikombe kimoja. Yaani hicho chenyewe kilianza kwa kuunganisha! Na mule si ndio nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi? Basi jina linakubali kabisa hii kazi tunayofanya leo.

Sasa vipimo vya kawaida. Cosmo ni vodka mililita 40, Cointreau, ile pombe tamu ya machungwa, 15, ndimu 15, juisi ya kranberi, vile vitunda vyekundu vyenye uchachu, 30. Mule ni vodka 45, jinja bia 120, ndimu 10. Glasi ya kwanza nikafanya kile ambacho nadhani kila mtu angefanya, nikachukua nusu ya hii na nusu ya ile nikamwagia humo, na jamani haikuwa kitu, ilikuwa soda ya tangawizi iliyopakwa rangi. Chungwa halisikiki kabisa, maana Cointreau imebaki kama mililita 7 na juu yake kuna 60 za jinja bia, itasikika wapi? Ya pili nikaweka zote nzimanzima, ikawa vodka 85 na ndimu 25, hiyo inakuchoma koo na kukukunja uso kwa mpigo mmoja, nilikunywa mafunda mawili nikaiweka pembeni.

Hapo ndio nikakaa chini nikazitazama zile karatasi mbili za vipimo, nikaona mbona hawa wawili wana vitu wanavyoshirikiana, vodka na ndimu, na mimi nilikuwa navihesabu mara mbili. Kinachoshirikiwa hesabu mara moja tu, halafu kile ambacho kila mmoja anacho peke yake kiache kikae vizuri. Basi nikaenda hivi: vodka 45, Cointreau 15, ndimu 15, kranberi 30, jinja bia 90. Jinja bia nimeipunguza kwa sababu kranberi nayo ni maji mengine yanayoingia humo.

Tazameni sasa. Kila kitu isipokuwa jinja bia kinaingia kwenye sheka, kile chombo cha kutikisia, na barafu ya kujaa, natikisa sekunde kama 15 hivi, mpaka chuma kinaota ukungu mweupe na vidole vinaanza kuuma kwa baridi, hapo ndio imeiva. Jinja bia usiithubutu kuitia humo ndani, gesi ikitikiswa inasukuma kifuniko na unaoga. Nachuja kwenye glasi ndefu yenye barafu mpya, ile ya kwenye sheka imeshavunjikavunjika itayeyuka upesi. Halafu jinja bia taratiiibu pembeni ya glasi, kijiko nakishusha hadi chini nanyanyua mara moja tu, basi. Mnaona hilo povu la waridi linavyopanda? Hilo ndilo lililonifanya niache kikombe cha shaba, kwa sababu Mule asili yake ni shaba lakini humo rangi yote ya Cosmo inazikwa, huoni kitu.

Na kwa kuwa nimetaja shaba, kama unataka kununua hivyo vikombe angalia ndani kwanza. Ndani pakiwa na rangi ya fedha kwamba kimepakwa chuma kingine, sawa. Pakiwa ni shaba tupu, achana nacho, ndimu ni asidi na asidi inaimenya shaba inaingia kwenye kinywaji, hiyo sio sumu ya kucheza nayo.

Ladha sasa. Ikigusa ulimi inaanza Cosmo, kranberi na chungwa, laini, unadhani ndio basi, halafu ukishameza ndio tangawizi inaibuka huku nyuma na kupasha koo. Napenda sana hiyo foleni, mmoja anamwachia mwenzake. Naipa 8 kwa 10. Mbili nimezikata kwa sababu inategemea mno chupa utakazopata, jinja bia lazima iwe ile kali, ukiweka jinja eli, ile soda ya tangawizi nyepesi, ni tamu na pole mno, yule nyumbu hatokei kabisa. Ikiwa ndiyo uliyo nayo basi ponda vipande viwili vya tangawizi mbichi kwenye sheka kabla ya barafu, inasaidia sana. Kranberi pia, nyingi za dukani zimetiwa sukari na hizo ndizo nilizotumia, ukipata ile tupu isiyo na sukari inakwaruza mdomo, ongeza shira mililita 5 mpaka 10.

Halafu angalieni, utamu huu unadanganya. Cointreau ina asilimia 40 sawa na vodka, kwa hiyo humu kuna mililita 60 za pombe kali na wala huzisikii. Moja inatosha kukaa nayo jioni, na funguo za gari mpe mtu mwingine.

Kitu kimoja bado sijakijaribu, Cosmo ya vitabuni hutumia vodka yenye ladha ya limau na mimi nimetumia ya kawaida. Chupa ndiyo hii hapa, hata kizibo sijakitoa. Ngoja nioshe sheka tuone.