Gia boksi imebadilishwa kwa waranti: niuze gari au nibaki nalo?

Naishi Moshi. Gari nililinunua zero kilometa kwa muuzaji wa Arusha, waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000, kimoja kikitangulia basi. Ni dogo, linanusa mafuta tu, na gia boksi yake ni CVT, ile otomatiki ya mkanda wa chuma na puli badala ya gia za meno.

Mjini halikuwahi kunisumbua. Kasheshe ni kwenda kwa wazee Marangu. Ukishaiacha Himo ni mlima mtupu, na kwa gari lililojaa watu na mchele likaanza kutetemeka kwenye mwendo mdogo, baadaye likavuma, mwisho taa ikawaka. CVT na joto haviivani. Oili ikichemka mkanda unateleza na puli zinachubuka.

Gereji ya muuzaji kwanza walimwaga oili, wakachomeka kompyuta, wakaniambia liko freshi. Halikuwa freshi. Niliporudi na video ya mlio ndipo wakakubali kubadilisha gia boksi nzima. Sikutoa hata senti kwa spea wala ufundi, ila gari lililala huko wiki kadhaa, la kuazima hawana, na simu nilikuwa napiga mimi. Nauli za Kosta Moshi–Arusha hakuna waranti inayorudisha.

Limerudi, linapanda vizuri. Hapo ndipo kila mtu akawa mshauri: uza kabla waranti haijaisha! Nikamwita dalali. Alianza vizuri, "namba E hii, inatoka leo leo," mpaka alipoona karatasi za gereji. "Dada yangu, gia boksi ikishaguswa watu wanaogopa." Bei aliyotaja sitaiandika, inauma.

Na nikiuza, ninunue nini? Jipya jingine siliwezi. Mtumba wa Japani, mbali na VAT ya asilimia 18, ukizidi miaka 8 una ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, ukizidi 10 ni 30. Halafu magari madogo ya Japani ya miaka ya karibuni mengi ni CVT hizo hizo! Yaani nitoe gia boksi mpya kabisa, niongeze hela, nichukue iliyochoka ambayo sijui ilikuwa inawekewa oili gani.

Nimebaki nalo. Ila sikuondoka gereji bila barua yenye muhuri inayosema gia boksi mpya ina waranti yake ya mwaka mmoja, hata ile ya gari ikiisha. Mdomoni walishakubali, kwenye karatasi ndipo palipokuwa na mvutano. Oili ya CVT nitabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, na iwe ya CVT kweli, siyo ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, ambayo mafundi wengine wa mtaani wanamimina tu.

Gari nalipatia nyota 3 kati ya 5. Gereji 4 kwa kazi, 1 kwa mawasiliano. Likitetemeka tena ndani ya mwaka huo linarudi Arusha. Likipita mwaka ndipo lianze, namwita dalali, na safari hii bei yake nitaimeza.