Wcwidth au kuhesabu kwa kundi, ipi haikuvurugii terminali?

Wcwidth na kuhesabu kwa kundi ni njia mbili za kujua maandishi yanachukua nafasi kiasi gani kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Kwanza ujue terminali ni viboksi tu, herufi ya kawaida inakula kimoja, ya Kichina au Kijapani inakula viwili, kwa iyo faili la 日本語.txt ni viboksi 10 japo ukihesabu herufi ni 7. Hapo njia zote mbili zinakubaliana, hamna ugomvi.

Balaa linaanza kwenye emoji. Chukua dole 👍🏿, ndani yake kuna vitu viwili, dole lenyewe na rangi ya ngozi. Wcwidth (ndo ya xterm, terminali ya zamani, na bash, programu inayopokea amri zako) inapima kila kimoja peke yake afu inajumlisha, inapata 4. Ghostty, terminali mpya, yenyewe inaona hilo ni kundi moja, 2 basi. Kwa macho ya kawaida Ghostty ndo iko sahihi, wala sibishani na mtu.

Ila sasa, bash inaamini 4 terminali imechora 2, ukirudi nyuma kufuta unajikuta unafuta herufi ya jirani, mstari unabaki na makombo mpaka ubonyeze Ctrl+L kusafisha skrini. Yani usahihi wa upande mmoja haukusaidii kitu, muhimu wote wawili wahesabu sawa.

Mi nikiwa naingia seva za zamani kutoka mbali kwa ssh naweka grapheme-width-method = legacy kwenye Ghostty, ihesabu kwa mtindo wa wcwidth, emoji zinakaa vibaya kidogo lakini vim, ile programu ya kuhariri maandishi, haichanganyikiwi. Kwenye mashine yangu, programu mpya tupu, naiacha ilivyo.