Siku sita na mashine ya mkono ya kufyatua matofali

Mwezi wa sita mwaka huu upepo uliangusha banda letu la kuku. Anayeishi huku Nala, Dodoma, anaujua upepo huo. Ukianza umeanza, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nilipoziinua zile nguzo asubuhi nikakuta mchwa walishazimaliza kuanzia chini, juu limebaki ganda tu. Nikasema sijengi tena kwa miti.

Mume wangu anafanya kazi Singida na anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu, shemeji yangu, na mwanangu wa kwanza aliyekuwa likizo. Fundi wa kutujengea hatukuwa naye. Ndipo nikakodi mashine ya mkono ya kufyatua matofali ya kufungamana, yale ambayo mafundi huyaita intaloki. Kukodi ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, pamoja na dhamana ya 50,000 inayorudi ukirudisha mashine nzima.

Yenyewe haina mambo mengi. Ni kisanduku cha chuma chenye mfuniko na mkono mrefu. Unajaza udongo uliochanganywa na saruji, unafunga, unauvuta mkono mpaka chini, unafungua, tofali linapanda juu lenyewe. Mashine za namna hii zina asili ya mbali: ile ya kwanza kujulikana sana, CINVA-Ram, ilitengenezwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950. Tofali langu lilikuwa na urefu wa sentimita 30, upana 15 na kimo 10, lina matundu katikati na meno juu na chini ya kushikana na mwenzake.

Siku ya kwanza tulikosea udongo. Tulitumia ule mwekundu wa kiwanjani, uliotoka kwenye shimo la choo, tukauchekecha vizuri, tukachanganya. Tulitoa matofali 41. Yalionekana mazuri mpaka nilipoanza kuyabeba kuyapeleka kivulini: pembe zilikuwa zinabaki mkononi mwangu. Nililishika moja kwa mikono miwili, kwa upole kabisa, likamegeka kama kashata.

Jioni nikaenda kwa babu jirani yetu, Mgogo wa hapa hapa, aliyejenga tembe na kuishi ndani yake kabla hatujahamia huku. Nikamsalimia mbukwenyi, nikamweleza. Akachota udongo wangu, akautemea mate kidogo, akausugua kwa vidole. "Mwanangu, huu ni mchanga. Hauna cha kuushika. Kachimbe kichuguu kile cha nyuma, uchanganye." Usiku huo nikaupima kwa chupa. Jaza udongo nusu ya chupa ya maji, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, acha itulie mpaka asubuhi. Mchanga unakaa chini, mfinyanzi unakaa juu. Wangu mfinyanzi ulikuwa utando tu. Nikarudia nikiwa nimechanganya ndoo tatu za udongo mwekundu na moja ya kichuguu, na safari hii tabaka la juu lilionekana wazi. Tangu hapo hatukupoteza tofali kwa sababu ya udongo. Angalizo kwa wa maeneo ya mbuga: ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi usiuguse kwa kazi hii.

Siku ya pili ndiyo iliyoniudhi. Nilipanga matofali machache bila mota kuona yanavyokaa, nikaona ukuta unainama. Nikachukua futi. Upande mmoja wa tofali sentimita 10, upande wa pili 10 na nusu. Ukijenga kwa mota utaficha tofauti hiyo, lakini haya hupangwa makavu: nusu sentimita mara mistari kumi ni sentimita tano. Shemeji alipochunguza akakuta pini ya mkono wa mashine imelika, mfuniko unabonyea upande. Aliyenikodisha aliibadilisha bila ubishi, ila siku yangu ilishapotea na alinitoza kama kawaida. Nadhani hilo halikuwa haki. Kabla hujaichukua mashine, fyatua tofali mbili pale pale kwake na uzipime pande zote nne.

Siku nne zilizobaki tulifanya kazi kwa raha. Baada ya kuwapa kuku maji na kufagia uwanja, saa moja asubuhi tulikuwa mashineni. Tulitoa 80, kisha 110, kisha 95, siku ya mwisho 85. Kipimo chetu kilikuwa mfuko mmoja wa saruji kwa ndoo 14 za lita 20 za udongo, yaani moja kwa nane. Niliambiwa mfuko utatoa matofali 100. Hautoi, kwa kipimo hicho. Mimi nilipata kati ya 50 na 55, na anayekuahidi 100 maana yake unapunguza saruji karibu nusu.

Maji ya kuchanganyia ndiyo yana ufundi. Finyanga donge mkononi, liachie kutoka usawa wa bega lidondoke chini. Likivunjika vipande vinne au vitano, endelea. Likisambaa, ongeza maji. Likibaki donge moja, umezidisha. Na usichanganye mzigo mkubwa kwa mara moja, kwani ndani ya saa moja saruji inaanza kushika na kinachobaki hakifai. Kila baada ya matofali kadhaa tulipaka kisanduku oili chafu, la sivyo tofali linang'ang'ania na kuchanika likitoka.

Kitu ambacho aliyenikodisha hakunieleza, na kwa Dodoma ndicho kikubwa, ni kukausha. Upepo wetu unanyonya maji ya tofali kabla saruji haijayatumia. Tuliyapanga kivulini, tukayafunika nailoni tangu siku ile ile, kisha kuanzia kesho yake kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba. Hayo ni maji mengi, na sisi tunanunua kwa madumu yanayoletwa na guta. Yaweke kwenye bajeti. Yalipomaliza wiki tukayaacha mpaka siku 28 ndipo tukajenga.

Kujenga kwenyewe kulinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mstari wa kwanza tuliulaza kwa mota juu ya msingi wa mawe, tukaupima kwa pima maji mara tatu, kwa kuwa ukipinda huo yote inapinda. Baada ya hapo mwanangu alikuwa anapanga mwenyewe. Kwenye pembe tulisimamisha nondo ndani ya matundu na kumimina rojo la saruji. Banda ni mita 3 kwa 2, ukuta wa mita moja kisha wavu, isipokuwa upande wa mashariki unakotoka upepo, ambao tumeupandisha mpaka mita mbili.

Sasa hela. Saruji mifuko tisa kwa 17,000 ni 153,000, ukihesabu ule ulioharibika siku ya kwanza na wa mota. Kukodi 60,000. Nailoni, oili na maji 35,000. Jumla 248,000. Nilipiga hesabu ya matofali ya saruji ya inchi sita, pamoja na usafiri na mota, ikaja karibu hiyo hiyo. Kwa hiyo kwenye vifaa sikuokoa kitu. Nilichookoa ni fundi na plasta, kwa sababu ukuta huu unapendeza bila kupakwa kitu, una rangi ya ardhi yetu. Na sikuchoma tanuri. Kwa mkoa ambao mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza kupambana na mmomonyoko tangu 1973, mimi siwezi kukata miti ili nichome matofali ya banda la kuku.

Kwa banda, stoo, choo au ukuta wa uani, naipendekeza mashine hii kwa moyo wote, mradi mko watu watatu wenye nguvu. Mkono ule ni mzito na mtu mmoja hafiki mbali. Kwa nyumba ya kuishi, tafuta fundi anayeyajua matofali haya.

Mvua zikiisha mwezi wa tano nakodi tena nijenge jiko la nje. Udongo wa kichuguu nimeshaanza kuuchimba, upo nyuma ya banda chini ya turubai.